Kabla hujasugua meno kwa limau

Nilijua nimeharibu kitu asubuhi moja niliposukutua kwa maji ya bomba. Hayakuwa hata ya baridi, lakini ganzi ilinipiga kutoka chonge la kushoto hadi la kulia, nikashika ukingo wa sinki nikisubiri ipite. Zilikuwa zimebaki siku nne harusi ya mdogo wangu ifike. Wiki tatu nzima nilikuwa nachanganya maji ya limau na bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, nasugua meno ya mbele asubuhi na usiku ili picha zitoke vizuri.

Kilichonidanganya ni kwamba mwanzoni dawa ile ilionekana kukubali. Kila nikimaliza kusugua nilijitazama kwenye kioo nikaona weupe. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba jino likikauka huonekana jeupe zaidi kwa muda, na asidi ikishauparuza uso wake, mng'ao hupotea ukabaki weupe mfu kama wa chaki. Mate yakirudi kinywani, rangi ile ile nayo inarudi. Na lile povu linalotufanya tuamini kazi inafanyika ni asidi na bikaboneti zinapokutana na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Povu hilo haling'arishi chochote, na limau likizidi, asidi inayobaki inaendelea kula jino.

Daktari wa meno alinipa kioo cha mkononi, akaelekeza taa. “Dada, tazama hapa karibu na ufizi.” Palikuwa na ukanda wa njano iliyokoza kuliko sehemu nyingine ya jino. “Hiyo njano si uchafu. Ni jino lenyewe la ndani, linaanza kuonekana.”

Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo ningelijua mapema ningejiokoa. Gamba la nje la jino, yaani enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hata mfupa. Lakini seli zilizolijenga hupotea jino linapochomoza, kwa hiyo likilika halioti tena. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ni ya manjano. Enameli huanza kupoteza madini pale pH, kipimo cha asidi ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali, inaposhuka chini ya 5.5 hivi, na maji ya limau yana pH kati ya 2 na 3. Nilikuwa natafuta weupe kwa kuukwangua weupe wenyewe.

Bikaboneti peke yake nisiisingizie. Ni laini, na haina asidi. Inaweza kutoa madoa ya juu ya chai, kahawa au sigara, ndiyo maana dawa kadhaa za meno huwa nayo. Haigusi rangi iliyo ndani, wala haitoi ugaga uliokwisha kuwa mgumu. Huo unahitaji kukwanguliwa na mtaalamu, na kuna watu wanaotoka kwenye usafi huo wakagundua hawakuhitaji kitu kingine. Mkaa wa kusugulia meno sikuutumia na siushauri. Unasugua kama msasa, dawa nyingi za mkaa hazina floraidi, na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani hayakukuta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama au kwamba unafanya kazi.

Kinachobadilisha rangi ya ndani ni kemikali ya peroksaidi. Inapenya enameli na kuvunjavunja chembe zenye rangi. Njia ya kuitumia nyumbani usiku, ikiwa ndani ya trei inayovaliwa menoni, ilielezwa kitaalamu mwaka 1989, na dawa iliyozoeleka ni kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, ambayo hutoa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3.5 hivi. Namba hizo zisome kwenye boksi. Umoja wa Ulaya tangu 2012 umeagiza bidhaa zenye haidrojeni peroksaidi ya zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 ziuzwe kwa madaktari wa meno tu, na zisitumiwe na walio chini ya miaka 18. Kifurushi kisichotaja kiwango chochote mimi sikifungui.

Nilisubiri miezi sita kwanza, nikitumia dawa ya floraidi mpaka ganzi ikaisha. Nikikunywa kitu kichachu nasukutua kwa maji, nasubiri karibu saa nzima ndipo nipige mswaki. Kisha daktari akanitengenezea trei kwa kipimo cha meno yangu. Kila jino nilitia tone dogo kama punje ya mchele. Usiku wa pili nilizidisha, likafurika, asubuhi ufizi ukawa na alama nyeupe inayowasha. Kesho yake ikapotea. Usiku wa tano ganzi ikarudi kidogo, nikapumzisha siku mbili, nikaendelea. Baada ya wiki mbili tofauti ilionekana, nami niliipima kwa picha zilizopigwa dirisha lile lile, saa ile ile, maana macho yanazoea haraka.

Jino langu moja la mbele lina kiraka, yaani sehemu iliyozibwa na daktari, na kiraka hakikubadilika hata kidogo. Peroksaidi haing'arishi viraka wala meno ya bandia. Ilibidi kibadilishwe, na daktari alinisubirisha wiki mbili kwa kuwa kiraka kipya hakishiki vizuri mara tu baada ya dawa. Kama una viraka mbele, piga hesabu hiyo kabla hujaanza. Kama una jino lililotoboka, zibisha kwanza. Kama ni mjamzito, subiri. Na kama rangi yako ni ya kijivu iliyotokana na dawa ya tetrasaiklini uliyopewa utotoni, wiki mbili hazitoshi. Huenda ukahitaji miezi.

Wengi wananiuliza kuhusu jino moja tu lililobadilika rangi, hasa baada ya kuanguka au kugongwa. Hilo msilipake kitu. Huenda mshipa wake umekufa, na cha kuanza nacho ni picha ya eksirei.