Pesa za Chama: Zinagawanywaje na Nani Azikague?

*Maswali ya mwezi huu kutoka kwa wasomaji wetu nchini Kenya yanahusu fedha za vyama vya siasa na uanachama.*

Swali: Chama chetu hakikupata rais wala gavana, ila tuna wawakilishi wadi kadhaa. Je, tuna haki ya pesa za serikali? Hesabu yake inafanywaje?

Haki mnayo, mradi mtimize masharti. Pesa hizo hutoka kwenye Mfuko wa Vyama vya Siasa, ulioundwa na Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011. Kabla ya marekebisho ya 2022 masharti yalikuwa makali kiasi kwamba baada ya uchaguzi wa 2017 ni vyama vya Jubilee na ODM tu vilivyokuwa vikigawana. Sasa asilimia 70 hugawanywa kulingana na kura, 15 kulingana na waliochaguliwa kutoka makundi maalumu (wanawake, vijana, watu wenye ulemavu, jamii ndogo), na 10 kulingana na idadi ya wote waliochaguliwa kwa tiketi ya chama. Asilimia 5 iliyobaki huendesha Mfuko wenyewe.

Tuseme Mfuko una shilingi milioni 1,000. Fungu la kura ni milioni 700. Chama chenye asilimia 2 ya kura za vyama vinavyogawana kitapata milioni 14 hapo, kabla ya mafungu mengine mawili. Kura zinazohesabiwa si za urais pekee: hujumlishwa za rais, wabunge, magavana na wawakilishi wadi. Kwa hiyo mgombea wa wadi aliyeshindwa kwa kura chache bado amekiletea chama pesa. Vyama vidogo vinavyoacha wadi nyingi bila mgombea vinajinyima.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye orodha ya viongozi. Zaidi ya theluthi mbili ya maafisa waliosajiliwa wakiwa wa jinsia moja, hampati kitu. Vivyo hivyo makundi maalumu yasipowakilishwa katika baraza linaloongoza chama. Afisa akijiuzulu na nafasi yake ikajazwa ovyo, uwiano huvunjika bila mtu kutambua. Uhesabuni upya kila mnapobadilisha majina kwa Msajili wa Vyama vya Siasa.

Swali: Sheria inasema Mfuko upewe asilimia 0.3. Mbona vyama hulia njaa?

Kwa sababu ni asilimia 0.3 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, na kwa miaka mingi kinachotengwa kimekuwa chini sana ya hapo. Kila shilingi trilioni 1 ya mapato ingeleta bilioni 3. ODM ilifika hadi mahakamani kudai malimbikizo yake.

Pengo hilo huzibwa na tajiri wa chama na ada za wanaotafuta tiketi, na hapo ndipo demokrasia ya ndani inapoumia: anayelipa kodi ya ofisi ndiye hupanga mchujo. Sheria ilijaribu kuziba mwanya huo. Mtu au shirika haliruhusiwi kuchangia kwa mwaka, kwa pesa taslimu au vitu, zaidi ya asilimia 5 ya matumizi yote ya chama. Magari na mahema ya mikutano nayo yanahesabiwa. Michango ya serikali za kigeni na ya watu wasio raia imekatazwa.

Swali: Mwenyekiti wa tawi anasema pesa za Mfuko ni za "kuwashika mkono" wanachama. Ni kweli?

Si kweli. Kumlipa mwanachama au mfuasi posho au zawadi kutoka kwenye Mfuko kumekatazwa, isipokuwa ni mfanyakazi wa chama. Kufungua biashara pia hairuhusiwi. Usimamizi na mishahara visizidi asilimia 30. Angalau asilimia 30 nyingine iende kuwainua wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na jamii ndogo. Elimu ya uraia na kueneza sera vinaruhusiwa.

Mkimshuku, msiishie kunung'unika. Chama hutakiwa kutangaza vyanzo vya pesa zake ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa fedha kwisha, na hesabu zake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mtu yeyote anaweza kuomba kuziona hesabu zilizokaguliwa. Andikeni barua, tajeni mwaka wa fedha, bakini na nakala yenye muhuri. Haki hii haitumiwi vya kutosha, na ni hasara kubwa kwa wanachama.

Swali: Nimejikuta nimesajiliwa katika chama nisichokijua. Nifanyeje?

Wengi waligundua hivyo mwaka 2021. Hakikisha kwanza kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Siasa. Kisha kiandikie chama barua ya kujiondoa, yenye jina kamili, nambari ya kitambulisho na tarehe. Kujiuzulu huanza kazi barua inapopokelewa, na chama kina siku 7 za kumjulisha Msajili. Usikitegemee, mpelekee Msajili nakala wewe mwenyewe. Kwa kuwa data yako imetumiwa bila idhini, unaweza pia kulalamika kwa Kamishna wa Data.

Usilipuuze jambo hili, hasa kama unafikiria kugombea ukiwa mgombea huru: Katiba, kifungu cha 85, inataka uwe si mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi.