Kidonda Kinataka Mikono Safi Kabla ya Dawa

Tangu nianze kazi ya uuguzi katika wodi ya upasuaji na chumba cha kufungia vidonda hapa Tanzania, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Sista, nipake dawa gani?" Jibu langu huwavunja moyo wengi, kwa sababu kidonda cha kawaida huponywa na mwili wenyewe, na kazi yetu wauguzi, pamoja na ndugu wanaomuuguza mgonjwa nyumbani, ni kuuondolea mwili vikwazo.

Damu ikishaganda, jeraha huvimba kidogo, hupata joto na kuuma kwa siku chache, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zimefika kula vijidudu na mabaki ya tishu zilizokufa. Hatua hiyo huogopwa bure, sawa na yale majimaji mepesi ya manjano ambayo si usaha. Kisha huota nyama changa nyekundu yenye vinundu vidogo, inayotoka damu kwa kuguswa tu, na juu yake ngozi hutambaa kutoka pembeni kuelekea katikati. Cha kuogopa ni maumivu na uvimbe unaozidi wakati ulipaswa kupungua, usaha mzito, harufu mbaya, homa, au wekundu unaotanuka. Na kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, pima joto na ugumu wa pembeni mwa kidonda kwa mgongo wa mkono uliokwisha kunawa. Ukiona dalili hizo, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Nyama changa ndiyo inayoharibiwa na spiriti na haidrojeni peroksaidi, ambayo povu lake huwafurahisha watu ilhali linaua hata chembe zinazojenga. Unga wa kapsuli za antibayotiki, ambao wengi huunyunyiza kwa imani kubwa, hugeuka gamba linaloficha kinachoendelea chini yake, tena huvizoesha vijidudu dawa. Osha kwa maji ya chumvi ya hospitali, au kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kisha funika. Ushauri wa kuacha kidonda wazi "kikauke" ulipaswa kwisha zamani: mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwamba vidonda vya ngozi ya nguruwe vilivyofunikwa vikabaki na unyevu viliota ngozi karibu mara mbili upesi kuliko vilivyoachwa wazi.

Mikono sasa, na hapa sina huruma. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kucha zikiwa fupi na pete imevuliwa, kwa sekunde 40 hadi 60. Kwa kitakasa mikono chenye alkoholi, sekunde 20 hadi 30 zinatosha kama mikono haionekani kuwa na uchafu. Glovu hazichukui nafasi ya kunawa, maana glovu iliyoshika kitanda, simu na shuka imekwisha kuchafuka kama mkono wowote. Toa bandeji ya zamani, ukiilowesha kwanza ikiwa imegandamana, uitupe, kisha nawa tena kabla ya kugusa kidonda chenyewe. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa zaidi, hata na sisi wenye sare, wodi inapojaa. Kila kipande cha shashi kipite mara moja tu, na mgonjwa mwenye kidonda safi ahudumiwe kabla ya mwenye usaha.

Jeraha likiwa na udongo au kutu, ulizia chanjo ya pepopunda mapema. Mwenye kisukari asimamie sukari yake, na kila mgonjwa apate mayai, maharage au dagaa, kwani nyama mpya hujengwa kwa protini.

Kufunga kwa ngozi si mwisho wa uponaji. Kovu la wiki tatu lina takriban asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi ya awali, na hata likikomaa, kazi inayoweza kuchukua mwaka mzima au zaidi, halivuki karibu asilimia 80. Ndiyo maana mama aliyejifungua kwa upasuaji ninamkataza kubeba ndoo ya maji kwa wiki sita, na agizo hilo ninalitoa mbele ya mumewe na mama mkwe, kwa kuwa wao ndio watakaokwenda kuchota.