Madogo wa liki (habari za gemu zilizovuja), njooni hapa kidogo

Juzi usiku dogo mmoja, admini mpya kwenye grupu letu, katupia klipu ya "gameplay mpya ya GTA 6 imevuja", ile gemu ya kampuni ya Rockstar, saa sita usiku, emoji za moto kama kumi na tano hivi. Naangalia jamaa kwenye klipu anafungua mlango wa gari, mkono mmoja una vidole saba. Saba! Klipu ya kutengenezwa na AI hiyo. Afu dogo anabisha, "bro chanzo changu ni cha uhakika". Sikulala vizuri, siyo kwa hasira, ni kwamba nilijiona mwenyewe pale. Kwa hiyo nyie mnaoanza kuendesha mapeji na magrupu ya gemu, kaeni hapo nisimulie.

1. Liki ya kweli mara nyingi ni mbaya kwa sura. Septemba 2022 zilivyovuja zile klipu 90 za GTA 6, zilikuwa na maandishi ya madebaga (wale wanaosaka makosa ya gemu) kila kona, sehemu nyingine majengo hayajapakwa hata rangi vizuri, watu wakacheka wakasema hii ni kanyaboya. Kesho yake Rockstar wenyewe wakakiri wameingiliwa kwenye mtandao wao. Sasa wewe ukiletewa klipu inang'aa kama tangazo la soda, jiulize kwanza.

2. Bodi za kupanga umri, zile zinazosema gemu hii ni ya watu wa umri gani, ndio rafiki zako. Korea Kusini, Australia, Brazil, gemu ikisajiliwa kule ujue ipo, na mara nyingi haiko mbali. Hii ina thamani kuliko mainsaida ishirini, wale wanaojidai wana habari za ndani. Tuendelee.

3. Tarehe. Hapa ndo niliumia, na hapa nitakaa.

Mwisho wa 2022 nilikuwa na kibanda cha gemu, tivii tatu, PS4 tatu, padi zimechoka mpaka analogi zinajiendea zenyewe. Wakati ule ndo Twitter wameanza kuuza tiki ya bluu kwa dola 8, ila mimi kichwani kwangu tiki bado ni tiki, yaani mtu kahakikiwa. Nikakutana na akaunti, ina nembo, ina tiki, imeandika GTA 6 inatoka Machi 2023. Sikuangalia jina la akaunti, sikuangalia imefunguliwa lini, nikapiga skrinshoti nikapeleka grupu na neno moja: CONFIRMED. Watu 200 na kitu, simu ikawa inatetemeka kama mashine ya kusaga.

Ingeishia hapo ingekuwa aibu tu. Mimi nikaona mchongo. Nikatangaza atakayelipa elfu tano sa hivi anashika nafasi wiki ya kwanza gemu ikitoka. Nikanunua daftari la kaunta, nikachora mistari kwa rula, jina, namba, kiasi. Wakajiandikisha 23. Laki na kumi na tano, na kwa madogo wale elfu tano ilikuwa hela, mwingine alileta sarafu tupu. Nikanunua padi mbili mpya siku ile ile. (Na hata ingetoka, ingechezwa kwenye PS4 gani, mashine za zamani zile? Hilo hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza.)

Januari ikapita, hamna hata treila. Februari nikaanza kusema "wanapenda kushtukiza hawa". Machi ikafika, Ramadhani ikaingia mwishoni mwa mwezi huo huo, na mimi nikipita mtaani jioni watoto wanaita "Machi! Machi!" Jina likaganda. Siku moja akaja mama wa mmoja wao, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi taratibu akaniuliza, "Mwanangu, hiyo Machi yenu ni ya mwaka gani?" Hakufoka. Angefoka ningepona. Kumbe dogo alichukua ile elfu tano kwenye hela ya tuisheni. Nikauza tivii moja kwa bei ya kutupa, nikaanza kurudisha mmoja mmoja, kila nikimpa mtu hela yake ananitazama kama yeye ndo ananionea huruma mimi.

Treila ya kwanza ilikuja Desemba 2023, nayo ikavuja siku moja kabla Rockstar wakaamua waiachie tu. Ikasema 2025. Ikasogezwa Mei 26, 2026. Ikasogezwa tena Novemba 19, 2026. Hao ni wenye gemu yao, wana kalenda yao, na bado tarehe inawakimbia, sasa wewe na skrinshoti yako unaandika confirmed?

Na hata liki ikiwa ya kweli kabisa, tarehe haiaminiki. Karatasi za Microsoft zilizovuja kwenye ile kesi yao na FTC, wale wa Marekani wanaosimamia ushindani wa biashara, Septemba 2023, zilikuwa na remasta ya Oblivion, yaani gemu ya zamani iliyosafishwa upya, imepangwa mwaka wa fedha 2022. Gemu ilikuwepo kweli. Ikatoka Aprili 2025. Kwa hiyo andika "ipo", ya lini waachie wenyewe.

4. Usisambaze mafaili ya wizi. Insomniac, wale waliotengeneza gemu za Spider-Man, walivyodukuliwa Desemba 2023 yalimwagwa mafaili zaidi ya milioni 1.3, na humo ndani kulikuwa na pasipoti za wafanyakazi, watu wana familia zao. Kuongelea habari sawa, kurusha linki hapana, nitakutoa grupu hata kama we ni mtoto wa shangazi.

5. Spoila, yaani kufichua hadithi ya gemu kabla watu hawajacheza, weka onyo. Waulize waliosubiri The Last of Us Part II, Aprili 2020 mtu anafungua simu tu kakutana na mambo ya kwenye hadithi, gemu yenyewe Juni.

6. Ukikosea futa, afu useme umekosea. Yule dogo wa vidole saba kafuta kimya kimya, dogo tumekuona.

Daftari bado ninalo. Waliorudishiwa ni 22. Namba 4 alikataa hela yake, kasema "iache hapo bro Machi, siku ikitoka naanza mimi". Sasa hivi yuko chuo mwaka wa pili, kibanda hakipo tena, na bado kila treila ikitoka ananitumia meseji kuuliza kama jina lake lipo.