Nilipoulizwa nataka mshahara kiasi gani

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mgunga, kofia ameiweka gotini. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha mifugo miezi miwili nyuma, nina cheti kwenye bahasha ya kaki na viatu vya kuazima kwa mama mdogo. Tukasalimiana, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Haya binti, unataka mshahara kiasi gani?"

Nikamjibu, "Chochote utakachoona kinafaa, mzee."

Akatabasamu. Leo na mimi naajiri, kwa hiyo najua lile tabasamu lilikuwa la nini. Nilimfanyia kazi miezi saba kwa pesa ambayo hata yeye mwenyewe aliiita "ya sabuni".

Naandika haya kwa ajili ya vijana waliokulia zizini kama mimi, hasa mabinti, ambao sasa wanatafuta kazi au wanataka kuanza yao. Ushirombo, Longido, Kiteto, popote. Mnajua kazi kuliko mnavyodhani. Tatizo letu ni kwamba tulifundishwa kazi miaka mingi kabla ya mtu yeyote kututajia bei yake.

Mimi nilizaliwa Kongwa. Wengi wanaopita barabara ya Morogoro kwenda Dodoma wanaijua kwa magunia ya mahindi pale Kibaigwa. Wazee wetu wanaikumbuka kwa karanga: Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga za kulisha kwao, ukame na udongo ule unaokauka kama saruji ukawashinda, na kufikia 1951 mpango ukawa umekufa. Sehemu ya ardhi ile ikaishia kuwa ya malisho, na hadi leo kuna ranchi ya taifa. Baba alichunga ranchini ujanani, akatoka na jicho la kumtambua ng'ombe wa aina ya Borani hata akiwa kilima cha pili. Alipoanza zizi lake alichanganya damu hiyo na zebu wetu wa kienyeji.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa zizini. Zebu hakupi maziwa bila ndama wake, kwa hiyo unamwachia ndama anyonye kidogo mpaka kiwele kishuke, unamvuta pembeni, unamfunga karibu na uso wa mama yake, ndipo unakamua. Ukichelewa kumvuta, kibuyu kinabaki kitupu. Ukimvuta mapema mno, mama anakaza na unapigwa teke juu. Hakuna aliyenieleza hayo kwa maneno. Baada ya hapo kilomita nne hadi shule.

Nyumbani kwa mfugaji kazi haina bei. Unakula, unavaa, ukibahatika unasomeshwa. Silaumu, ndivyo zizi linavyosimama. Ila sikiliza hili.

Nikiwa na miaka tisa, mtamba mmoja alishindwa kuzaa usiku. Mkono wa baba ulikuwa mkubwa mno kwa mtamba wa mara ya kwanza. Akaniamsha. Nikanawa, akanipaka mafuta ya kupikia mpaka juu ya kiwiko, akasema nikusanye vidole kama naingiza mkono kwenye mdomo wa kibuyu. Ndani kuna joto na kunabana, mama akisukuma unahisi mifupa ya mkono inataka kuvunjika. Nikakuta pua na kwato moja. Ya pili ilikuwa imejikunja nyuma. "Msukume kwanza arudi ndani," baba akasema, "ndipo utafute goti." Nikalipata goti, nikaifunika ncha ya kwato kwa kiganja isimchane mama, nikainyoosha. Kisha tukavuta pamoja: akisukuma tunavuta, akipumzika na sisi tunapumzika. Akatoka jike, mwekundu, ana doa jeupe tumboni. Baba akasema, "Huyu wako, mwanangu."

Miaka ikapita, yule ndama akazaa mara mbili. Nikarudi likizo mwaka 2008, simuoni. Alikuwa ameuzwa kwa ada ya kaka yangu. Nikauliza, "Baba, si ulisema ni wangu?" Akanijibu kwa upole kabisa, hakuwa na ubaya wowote: "Na wewe mwenyewe si wa hapa?"

Mpaka leo sijapata jibu la swali hilo. Lakini ndilo nililokwenda nalo kwa yule mzee chini ya mgunga. Nilikwenda kazini kama mtoto wa nyumba. Ng'ombe wakizaa usiku naamka, Jumapili napulizia dawa ya kupe, mchungaji akiugua nachunga mimi. Nilikuwa nasubiri siku moja mtu atasema, huyu wako.

Mwajiri hasemi hivyo. Na haikuwa kazi yake kusema.

Kilichonitoa hapo ni daftari la shilingi mia tano. Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi huwa tunalielekeza kwa wenye duka tu. Nilianza kuandika kila nilichofanya: tarehe, ng'ombe gani, dawa gani, saa ngapi nimeanza na saa ngapi nimemaliza. Mwezi wangu wa saba kazini nikajumlisha. Mwaka uliotangulia walikufa ndama kumi na mmoja kwenye zizi lile, wengi kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe: tezi za chini ya sikio zinavimba, homa inapanda, mwisho mapovu puani. Tangu nifike walikuwa wamekufa wawili. Siri haikuwepo. Nilikuwa napulizia kila wiki bila kuruka, na naikagua mikia na masikio ya ndama kwa vidole, maana kupe anayeleta ndigana kali anapenda sikio.

Nikaenda kwa mzee na daftari. Sikulia shida, sikusema mama anaumwa (alikuwa anaumwa kweli). Nikamwambia ndama mmoja akiachishwa kunyonya anauzwa kiasi gani, waliobaki hai ni wangapi zaidi ya mwaka jana, na mimi naomba kiasi hiki kwa mwezi. Alinuna wiki nzima. Wiki ya pili akakubali, pungufu kidogo ya nilichoomba, na kwa maandishi.

Hilo la maandishi msilipuuze. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na kuna likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Najua utasema ng'ombe hazai kwa saa za ofisi. Kweli hazai. Ndiyo maana saa zile zinaandikwa.

Kosa la pili la watoto wa wafugaji ni kuhesabu vichwa. Ukimuuliza baba ana mali kiasi gani anakuambia ng'ombe themanini. Wana uzito gani, wangapi wanazaa, wangapi ni maksai, yaani madume waliohasiwa, waliopitisha miaka miwili bila kuongeza nyama? Swali lenyewe linaonekana la utovu wa adabu. Kwa dalali wa mnadani si utovu wa adabu, ndiyo kazi yake, na analijibu kwa jicho huku wewe unaangalia pembe.

Nilimpeleka mnadani maksai wa kwanza kuwa wangu kweli, niliyemnunua kwa mshahara wangu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimpima kwa futi ya fundi cherehani: mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, sentimita 142, urefu kutoka bega hadi mfupa wa nyuma, 118. Unazidisha kifua kwa kifua, unazidisha na urefu, unagawanya kwa 10,840. Nikapata kilo kama 220. Ni makadirio, lakini yanazidi jicho la mtu anayetaka kukupunja. Ng'ombe wetu wa kienyeji akichinjwa karibu nusu ya uzito huwa nyama, kwa hiyo kilo 105 hivi, na nyama buchani wakati ule ilikuwa 5,000. Dalali akasema laki tatu na ishirini. Nikamwambia kilo zake. Akanitazama kama nimemtukana mbele za watu, akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Niliuza laki nne na thelathini kwa mtu mwingine, na yule dalali tangu siku hiyo ananiita "mhasibu".

Kuna jambo gumu zaidi, la kuzungumza na wazee kuhusu kuuza. Tunaambiwa ng'ombe ni benki. Mimi niliiona benki hiyo ikifungwa mara mbili mfululizo. Mvua za mwishoni mwa 2005 hazikuja kama inavyotakiwa, na mwanzoni mwa 2006 ng'ombe walikuwa wanainuliwa kwa mkia asubuhi. Baba aligoma kuuza, bei ilikuwa mbaya. Bei mbaya ikawa mbaya zaidi, kisha wakaanza kufa, na aliyekufa hana bei yoyote. Mwisho wa mwaka huo mvua zikaja za kupita kiasi, majani yakamea, tukashukuru. Na mbu wakaja. Mwaka 2007 ikaingia homa ya Bonde la Ufa, na mkoa wetu wa Dodoma ndio uliumizwa kuliko mingine. Ng'ombe wakawa wanatupa mimba, watu wanaugua na kufa, minada ikafungwa, nyama hakuna anayeigusa. Tulikuwa na ng'ombe walionona na hatukuwa na pesa ya daftari la shule. Nadhani yule wangu mwekundu aliuzwa kwa sababu ya deni lililotokea kipindi kile, ingawa hakuna aliyenieleza hivyo.

Kwa hiyo nilipomwendea baba, sikumwambia apunguze ng'ombe. Mzee wa Kigogo humwambii hivyo, na binti ndiyo kabisa. Nilimwomba aniachie maksai wanne niwauze mwezi wa sita, wakati bado wana mwili wa masika, na pesa nikamrudishia mkononi kabla ya yote. Mwezi wa kumi, vumbi limeanza, akanunua mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, kwa pesa ile na wale wenye mimba wakavuka kiangazi. Mwaka uliofuata aliniita mwenyewe. Hakusifu. Alisema, "Kuna wanne wale, waangalie." Nikaona inatosha.

Wangu na wake hawalali zizi moja, hata hivyo. Hilo nimelishikilia na limeniletea maneno kwa shangazi zangu. Wangu wana heleni zao sikioni na karatasi zao, na yeyote wa familia akiwa na shida nasaidia kwa pesa, kwa kiasi nilichopanga. Pesa ukiitoa unajua umetoa. Ng'ombe akitoka unaanza kuhesabu upya wajukuu wake ambao hawakuzaliwa.

Sasa nina duka dogo la dawa za mifugo, nimesajiliwa Baraza la Veterinari, na nyuma yake nanenepesha maksai kumi na wawili kwa awamu. Kwa ufupi kwa anayetaka kujaribu: siku 90, pumba za mahindi, mashudu, molasi kidogo, mabua, maji muda wote. Wa kienyeji anayekula vizuri huongeza zaidi kidogo ya nusu kilo kwa siku, na baada ya miezi mitatu unalisha hewa. Dawa ya minyoo siku ya kwanza. Pumba anza kidogo kidogo kwa wiki mbili, usiwe na haraka kama mimi. Awamu yangu ya kwanza gunia liliachwa wazi usiku, mmoja akala mpaka tumbo likachachuka, na saa nne asubuhi nilikuwa namuuza kwa wenye mbwa. Diploma iko ukutani inaniangalia.

Kijana anayenilishia ng'ombe ni mtoto wa mfugaji kutoka upande wa Kiteto. Siku ya kwanza nilimuuliza anataka kiasi gani. Akaangalia chini, akasema, "Wewe tu dada, utakavyoona." Nikamwambia aende akafikirie, arudi kesho na namba. Alirudi baada ya siku tatu na namba ndogo kuliko niliyokuwa nimeitenga. Nilikaa kimya kidogo, sitadanganya, nikaona jinsi kulivyo rahisi kukubali. Kisha nikamtajia yangu, tukaandika, nikamnunulia daftari.

Wiki iliyopita amekuja nalo. Ameandika kila kitu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Akafungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye mstari alioukolezea wino, akaniuliza, "Dada, na hizi Jumapili je?" Zilikuwa tisa. Siku ya mapumziko, kisheria, inalipwa mara mbili. Nimemwomba anipe mpaka niuze awamu hii, amesema sawa, ila ameandika na hilo.