Usitume mate kabla hujatoa damu

Usilipe hiyo pesa. Simama hapo hapo.

Umeandika kwamba kaka yako anayeyusha betri kuukuu za magari nyuma ya nyumba hapo Nakuru, mama yenu mzaliwa wa Siaya anasafishwa damu kwa sababu ya figo, na kuna mtu anataka mtume mate kwenye maabara ya ng'ambo yapimwe jeni, mjue kama "damu yenu inahimili risasi", yaani ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri. Majibu yakirudi safi, kaka aendelee na kazi. Maneno hayo hayo niliuziwa mimi, nikayalipia, na miezi iliyopotea tukikiamini kile cheti haikurudi.

Jeni wanayokuuzia kwa kawaida ni ALAD. Hutengeneza kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na risasi ikiingia mwilini hung'ang'ania hapo. Aina zake ni mbili, ALAD1 na ALAD2. Ya pili huishika risasi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo wenye nayo mara nyingi huonekana na risasi nyingi kwenye damu kuliko wenzao wa karakana ileile. Sasa shika hapa: ALAD2 huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, na kwa Waafrika ni adimu. Chukua mafundi kumi wa jua kali kutoka Nakuru au Kibuye kule Kisumu, uwapime, na huenda wote kumi wakapewa cheti safi. Cheti hicho hakijagusa figo zao hata kidogo. Na mwenye ALAD1 akiyeyusha betri, risasi iliyomwingia haitoweki. Huingia mifupani ikakaa miaka na miaka, ikirudi kwenye damu kidogo kidogo hata baada ya kuacha kazi. Hata kuhusu figo zenyewe, tafiti za ALAD2 hazijakubaliana. Ndiyo maana kumwambia mtu "jeni yako ni nzuri, chapa kazi" ni kumpeleka shimoni kwa risiti.

Huyo aliyekushawishi, nina hasira naye na simjui. Je, aliuliza kaka anayeyushia wapi? Moto wake ni mkali kiasi gani? Anakula na mikono ipi, nguo za kazi anavulia wapi, watoto wanacheza umbali gani na lile sufuria? Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi, na kadiri moto unavyozidi ndivyo moshi unavyozidi kubeba sumu. Hayo ndiyo maswali ya mtu anayejua anachokisema.

Na usishangae akirudi na dawa ya "kutoa sumu", akisema mpime mkojo baada ya kuinywa. Kataa kabisa. Dawa ya kuvuta metali huvuta risasi kidogo hata kwa mtu wa kawaida, na viwango vya kulinganishia vimewekwa kwa mkojo wa mtu ambaye hajainywa. Kila mtu ataonekana ana sumu, na kila mtu atauziwa chupa ya pili.

Kinachotakiwa ni kupima risasi yenyewe. Kaka aoge, abadili nguo, anawe mikono kwa sabuni, kisha atolewe damu ya mshipa, si ya ncha ya kidole. Vumbi lililobaki ngozini likiingia kwenye tone moja hupandisha namba isivyo kweli. Aulizie chupa maalumu ya kupimia metali. Shirika la Afya Duniani linasema ukifika maikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kumbuka damu inaonyesha hasa wiki chache zilizopita, kwa hiyo akiwa amepumzika mwezi mzima namba itadanganya kwa upande wa uzuri.

Msitulizwe pia na kreatinini ya kawaida, ile taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kukagua figo. Inaweza kuonekana sawa hadi karibu nusu ya kazi ya figo imekwisha. Kijiti cha mkojo nacho hukamata hasa albumini, protini kubwa ya damu, ilhali risasi na kadimiamu (metali nyingine yenye sumu) huanza na mirija ya figo, na huko protini ndogondogo ndizo hutoroka kwanza. Kama kaka hugusa betri za nikeli na kadimiamu, ulizeni kipimo cha protini inayobeba retinoli (vitamini A), mojawapo ya hizo ndogondogo. Nyingine, beta-2 mikroglobulini, inafaa pia, ila huharibika mkojo ukiwa na asidi.

Jeni zenye maana kwenu zipo, sikatai. Kwa watu wa pande za Ziwa Viktoria, kama mama yenu, ningeuliza kwanza jeni ya selimundu (sickle cell), kwa sababu malaria imeifanya kuwa nyingi huko. Hata mwenye nakala moja tu, ambaye si mgonjwa, figo zake hushindwa kukoleza mkojo vizuri, na hatari ya ugonjwa sugu wa figo huwa juu kidogo. Mkojo wake ukiwa mwepesi, metali nayo itaonekana kidogo, kwa hiyo majibu ya mkojo lazima yagawanywe kwa kreatinini ya mkojo uleule. Kuna pia APOL1, ileile inayosaidia kupambana na vimelea vya malale. Wenye nakala mbili za hatari wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua figo, ingawa wengi wao hawaugui. Hiyo mwachie daktari wa figo wa mama aamue.

Lakini hakuna jibu la jeni litakalobadilisha cha kufanya kesho. Moto uhamishwe mbali na nyumba, sakafu ifutwe kwa maji na isifagiliwe kavu, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kaka aache kumeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kila mgongo ukiuma, maana nayo huumiza figo. Mwenye upungufu wa damu atibiwe, kwa kuwa mwili wenye njaa ya madini ya chuma hufyonza risasi na kadimiamu kwa pupa.

Na watoto wote wa hapo nyumbani watolewe damu siku ileile. Anza na yule anayetambaa.