Sindano za Uso: Ikiharibika, Inatenguliwaje?

Zamani mlikuwa mkiniuliza sabuni gani. Siku hizi mnaniuliza sindano gani. Nimefanya kazi ya uuguzi kliniki ya ngozi miaka mingi, nimeshika trei wakati wa sindano nzuri na za hovyo, na swali langu kwa kila huduma ya uso limebaki lile lile lililo kwenye kichwa cha habari. Haya ni maswali ya mwezi huu.

Dada, nina miaka 47, niko Dodoma. Nina mistari miwili kati ya nyusi, ofisini kila siku naulizwa nimekasirishwa na nani. Nimeambiwa sindano ya Botox inaiondoa, ila jirani anasema ile ni sumu. Nani mkweli?

Wote wawili. Ni sumu hasa, ya bakteria yule yule anayeua watu kupitia chakula cha kopo kilichoharibika. Kinachoigeuza dawa ni udogo wa kipimo. Inazuia neva isifikishe amri kwenye msuli. Msuli usipokunja, na ngozi iliyo juu yake haikunjiki.

Haikuanzia kwenye urembo. Daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, ndiye aliyeifanya dawa kwa ajili ya makengeza, na Marekani ikairuhusu kwa magonjwa ya macho mwaka 1989. Makunyanzi yaliingia kupitia mdomo wa mgonjwa. Kule Vancouver, Kanada, daktari Jean Carruthers alikuwa akiwadunga watu ambao kope zao hujifumba zenyewe. Mama mmoja akanuna kwamba safari hii hakuchomwa kati ya nyusi: kila akichomwa pale, alisema, uso wake unatulia. Daktari akaenda nyumbani na neno hilo. Mumewe alikuwa daktari wa ngozi. Mengine mnayaona. Ruhusa ya Marekani kwa mistari kama yako ilikuja mwaka 2002.

Kipimo cha kawaida cha Botox hapo ni uniti 20, zinagawanywa sehemu tano. Utaanza kuona tofauti ndani ya siku chache, itakamilika wiki ya pili, itakaa miezi mitatu au minne. Kama mistari inaonekana hata ukiwa usingizini, itapungua tu, haitafutika yote. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa misuli kulegea wasiiguse.

Ikiharibika? Hakuna cha kuitengua. Dawa ikisogea, kope moja inalegea, na utakaa nayo wiki kadhaa mpaka ijiishie. Kwa hiyo angalia kichupa kabla ya kuangalia bei. Botox yenyewe huja kavu ndani ya kichupa, inatoka kwenye friji, inachanganywa na maji ya chumvi. Omba ichanganywe ukiwa unaona, na usome jina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mtu akikutolea bomba lililokwisha jazwa kutoka kwenye mkoba, mwambie umesahau pochi kwenye gari. Mwaka 2024 mamlaka za afya Marekani zilitoa tahadhari baada ya watu kuugua, wengine hadi kulazwa, kwa kudungwa dawa bandia au kudungwa na wasio na leseni, baadhi yao majumbani. Kama hayo yametokea Marekani, huku kwetu tuwe macho zaidi.

Dadangu, harusi yangu ni Jumamosi ya wiki ijayo hapa Mombasa. Kuna saluni wadunga filla ya midomo, ile sindano ya kuijaza, kwa elfu nane. Somo yangu hataki kusikia. Nifanye kabla ya hina au baada?

Msikilize somo yako. Si kabla wala baada. Si wiki hii kabisa. Midomo ikidungwa huvimba siku mbili tatu, pengine na kuvilia damu rangi ya zambarau, na kutulia kwake ni kama wiki mbili. Ukiwa mtu wa kutokwa na vipele vya homa mdomoni, sindano inaweza kuviamsha, na picha za harusi hazirudiwi.

Lakini ningekukataza hata kama harusi ingekuwa mwakani, kwa sababu ya hiyo saluni. Filla nyingi za kuaminika ni asidi ya hayaluroniki, kitu kama jeli ambacho mwili wenyewe unacho. Uzuri wake ni kwamba ina dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidezi. Waulize hao wa elfu nane: mnayo hapa ndani, leo? Wakitazamana, umeshajibiwa.

Maana hatari kubwa ya filla ni kuingia kwenye mshipa wa damu na kuuziba. Dalili zake zijue: sehemu inakuwa nyeupe ghafla, kisha inatoka michoro kama marumaru, na maumivu yanazidi badala ya kupungua. Hapo hakuna kukanda na barafu na kusubiri asubuhi. Dawa ya kuyeyusha isipowekwa mapema, ngozi inakufa na kuacha kovu. Pua na kati ya nyusi ndipo pabaya kuliko pote, kwa kuwa mishipa ya pale inaungana na ile ya jicho. Wapo waliopofuka, na jicho halisubiri gari la kesho.

Na kama kilicho kwenye bomba ni silikoni ya maji, hiyo haiyeyuki. Inaweza kukaa kimya miaka, halafu ikatoa vinundu ambavyo daktari wa upasuaji atavichimba kimoja kimoja. Bei rahisi mara nyingi huanzia hapo.

Niko Morogoro, miaka 31, uso umejaa madoa meusi ya chunusi za zamani. Kliniki moja wana leza, nyingine wanachubua kwa asidi. Nilitumia mkorogo mwaka mzima nikaacha. Ipi itanifaa?

Nakushukuru kwa kutaja mkorogo. Wengi hukificha, na hicho ndicho daktari anachotaka kujua kwanza. Ndani yake mara nyingi mna steroidi inayokondesha ngozi, haidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi) isiyo na kipimo, na wakati mwingine zebaki. Ngozi iliyokondeshwa haipigwi leza wala asidi wiki ile ile. Mpe daktari jina la kila kopo, na ngozi ipumzike kwanza kwa muda atakaokupangia.

Sasa leza. Mwanga wake unatafuta rangi, na sisi rangi ndiyo tuliyojaaliwa. Mashine iliyopangwa kwa ngozi ya Mzungu ikielekezwa kwenye shavu lako inaunguza shavu zima badala ya doa. Hata kile kipimo maarufu cha aina za ngozi alichokitoa daktari Fitzpatrick wa Harvard mwaka 1975 kilianzia kwa ngozi nyeupe. Namba tano na sita, ambazo ndizo zetu, ziliongezwa baadaye. Leza inayopendelewa kwa ngozi nyeusi ni ya mawimbi marefu, nanomita 1064, inayoitwa Nd:YAG. Uliza jina la mashine. Halafu dai jaribio dogo nyuma ya taya, usubiri wiki kadhaa, ndipo uso wote. Wakikwambia hakuna haja ya jaribio, wanajaribu juu yako.

Asidi nyepesi, zile zinazorudiwa kila baada ya wiki kadhaa, zinasaidia madoa na hatari yake ni ndogo. Asidi nzito zinazochimba sana, kwa ngozi yetu ziogope: unaweza kutibu doa la ukubwa wa dengu ukapata baka la ukubwa wa chapati. Na ujue madoa mengi ya chunusi hufifia yenyewe ndani ya miezi, mradi chunusi mpya zisitoke na usizitumbue.

Dada, mimi ni kijana wa Kigoma, pua yangu pana. Nimeagiza kibanio cha plastiki mtandaoni, nivae dakika 20 kila usiku. Itachongoka?

Hapana, utakaukwa koo kwa kupumulia mdomo tu. Umbo la pua ni mfupa na gegedu, ule mfupa laini, havisikii kibanio. Kinachobadilisha kweli ni upasuaji, na uvimbe wake hauishi wote kabla ya kama mwaka. Ukifika huko, uliza historia ya makovu. Mimi nilitoboa sikio darasa la tano, Tanga, hadi leo nina keloidi, kovu lililovimba, nyuma ya ndewe kama punje ya hindi. Mtu kama mimi anayetaka kupunguza upana wa pua lazima aseme mapema, maana hapo mkato unapita kwenye ngozi ya nje.

Upasuaji wa pua wenyewe ni mkongwe mno. India walikuwa wakijenga pua kwa ngozi ya paji la uso kabla Ulaya haijajua. Gazeti moja la London lilichapisha mwaka 1794 habari za Cowasjee, mwendesha ng'ombe wa jeshi la Waingereza aliyekatwa pua na askari wa Tipu Sultan, mtawala wa Kihindi aliyepigana na Waingereza, kisha akatengenezewa nyingine. Yeye alikuwa na sababu. Yako ni ya babu yako, na naamini haikumzuia kuoa.

Zile nyuzi za kuvuta uso uliolegea vipi?

Zinavuta kidogo, kwa muda mfupi, kwa fedha nyingi. Ngozi iliyoshuka kweli inahitaji upasuaji. Zaidi ya hapo sina.

Mimi nina elfu hamsini tu, dada, na miaka 39. Nianzie wapi?

Wewe ndiye uliyenifurahisha. Losheni ya kuzuia jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, kila asubuhi, yenye rangi kidogo kama ya poda. Ile rangi hutokana na oksidi ya chuma, inayozuia mwanga wa kawaida unaotuongezea mabaka sisi weusi. Losheni nyeupe nyingi haziuzuii. Paka mpaka shingoni, na mikononi ukikumbuka. Usiku, ukimwona daktari, muulize kuhusu tretinoini, krimu ya jamii ya vitamini A, isipokuwa kama una ujauzito au unautafuta. Anza na punje ndogo kama ya njegere, siku mbili kwa wiki. Utababuka kidogo mwanzoni, punguza siku badala ya kuacha. Ukiona haikufai, unanawa tu, chenji bado iko mfukoni.