Jibu: Kozi ya filamu yenye mada 30 na majuma 14

Ndugu, salaam. Umesema unabuni kozi ya ndoto yako juu ya filamu nchini Uganda, ila umekwama kwa sababu una mada 30, majuma ni 14, na huthubutu kufuta hata moja.

Angalia kwanza kama mada hizo zinajibu swali moja. Zangu hazikujibu nilipoandaa kozi fupi ya jioni hapa Kampala, na wanafunzi waliniuliza waziwazi tulikokuwa tunakwenda. Mara ya pili nilibakiza swali hili tu: mtazamaji wa kibanda cha video anaisikia filamu kwa sauti ya nani? Hapo VJ, anayeisimulia filamu ya kigeni kwa Kiluganda huku ikionyeshwa, akawa kiini cha kozi badala ya kichekesho cha juma la mwisho. Tulitazama onyesho moja mara tatu, yaani bila sauti, kwa lugha yake ya asili, kisha kwa usimulizi wa VJ, tukiandika kila alichoongeza, hasa mizaha ambayo haikuwemo kabisa (na hapo ndipo mjadala ulipowaka). Filamu ya mwaka 2010 iliyotengenezwa Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala, Who Killed Captain Alex?, inafaa kufuata, kwa kuwa inasambazwa ikiwa na sauti ya VJ.

Mtihani ulikuwa dakika 10 za kusimulia papo hapo.

Kuhusu kuipitisha kozi kwenye baraza la chuo sina uzoefu, kwani yangu haikuwa ya shahada.